Hesabu Tano Zako Kabla ya Kuchagua Daraja

Kijana wa boda kutoka Kondele, mtaa wa Kisumu, alitufuata Jumamosi moja hadi kwenye mawe ya Bunyore, upande wa Vihiga, tunakofanyia mazoezi ya trayali, mchezo wa kupitisha pikipiki juu ya mawe na vizuizi. Ana miaka tisa barabarani. Amebeba magunia ya unga, mabati, wagonjwa usiku wa manane, na mama na watoto wake watatu kwa safari moja. Tulipomuuliza ataingia daraja gani, yaani ngazi gani ya ugumu, alitabasamu akasema, "Omera, mimi si mtoto wa jana." Akachagua kufuata mishale ya njia ya daraja la pili kutoka juu, kwa pikipiki ya kuazima. Kufikia saa saba mchana alikuwa amejaribu sehemu zote kumi na kumaliza mbili tu. Klachi ilikuwa inanuka kuungua na goti limevimba. Jumapili hakwenda stejini. Jumatatu pia hakwenda, na siku ambayo mwendesha boda hakwenda kazini ni siku ambayo nyumbani hakuna kitu.

Ujuzi wa kijana yule siutilii shaka. Lawama yangu iko kwetu tuliomwachia achague daraja kama mtu anayechagua kiti matatuni, bila kumweleza kwamba katika mchezo huu uamuzi mkubwa wa siku hufanywa kabla injini haijawashwa.

Kwa ambaye hajauona: trayali si mbio. Hakuna anayemfukuza mwenzake. Mawe, mizizi, vijito na kingo hufungwa kwa utepe zikawa sehemu fupi za mita thelathini au arobaini, na kila sehemu ina mwamuzi anayeangalia miguu yako. Ukipita bila mguu kugusa chini, umetoka safi, sifuri. Ukigusa mara moja, alama moja. Mara mbili, mbili. Mara tatu au zaidi, tatu, hata kama umepiga makasia kwa miguu yote miwili hadi lango la mwisho. Ukianguka, ukivuka utepe, au injini ikizimika huku mguu uko chini, tano. Mwenye alama chache ndiye mshindi. Mzee wa Bunyore anayetuachia shamba lake alitazama asubuhi nzima, kisha akasema kumbe mwenda pole hajikwai. Sijasikia maelezo bora zaidi ya hayo.

Angalia hesabu ile tena. Nne haipo. Kutoka tatu unaruka hadi tano, na pengo hilo halikuwekwa kwa bahati mbaya. Anayemaliza, hata kwa kujikokota, hutofautishwa kabisa na asiyemaliza. Mchezo wenyewe unakwambia kinachothaminiwa ni kufika lango la mwisho. Hapo ndipo ninaposimamia hoja yangu yote kuhusu madaraja: daraja lako sahihi ni lile linalokuwezesha kufika mwisho wa sehemu nyingi huku likikunyima usafi katika baadhi. Miaka uliyokaa juu ya pikipiki haiingii katika hesabu hiyo, wala bei ya chombo chako, wala sauti za walio kando ya utepe.

Huu si mchezo wa juzi. Mashindano ya siku sita ya Uskoti yana mizizi yake mwaka 1909, na ubingwa wa dunia ulianza 1975, Martin Lampkin wa Uingereza akiwa bingwa wa kwanza. Toni Bou wa Uhispania ameshinda ubingwa wa dunia wa nje kila mwaka tangu 2007, na ukijumlisha na wa ndani ya kumbi, mataji yake yamepita thelathini. Vijana wetu wanamtazama kwenye simu akiruka juu ya jabali refu kuliko mtu, kisha wanakuja Bunyore na picha hiyo kichwani. Vyaelea, vimeundwa. Hata huko anakoshindana Bou, kuna daraja lake la juu, kuna la pili, kuna la vijana wa pikipiki za cc 125, na kuna la wanawake. Ikiwa bora wa dunia hawapandi wote mstari mmoja, sisi tunaokutana Jumamosi baada ya kazi tunaona haya gani?

Madaraja hayahitaji uwanja tofauti kwa kila kundi. Sehemu ni moja, utepe ni mmoja, ila ndani yake kuna mishale ya rangi mbalimbali. Mwenye rangi ya chini anazunguka jiwe, wa kati analipanda ubavuni, wa juu analipanda usoni palipo wima. Kwa hiyo mnasimama foleni moja, mnaikagua sehemu pamoja kwa miguu, mnacheka na kusaidiana. Kushuka daraja hakukutengi na wenzako hata kidogo. Wengi wa wageni wetu hawalijui hilo. Wanadhani wakichagua mishale ya chini watapelekwa kando kama watoto wa chekechea.

Sasa hesabu. Tuseme siku ina sehemu kumi na mizunguko mitatu, yaani majaribio thelathini, na kila sehemu ina mita arobaini. Mtu amejiingiza daraja lililomzidi. Anapata tano ishirini na mbili, tatu tano, na moja tatu. Alama zake ni 128. Mtu yuyo huyo, akishuka daraja moja, anaweza kutoka safi mara kumi na mbili, kupata moja tisa, mbili tano, tatu mbili, na tano mbili. Alama 35. Wengi huishia hapo na kusema, "Naam, ni rahisi zaidi, ndiyo maana." Lakini alama ndiyo habari ndogo kabisa katika mfano huu. Hesabu mita. Katika daraja la juu alimaliza majaribio manane, mita 320. Yale mengine ishirini na mawili alikwama kwenye kizuizi cha kwanza au cha pili, labda mita kumi kila moja, mita 220. Jumla 540. Katika daraja la chini alimaliza ishirini na nane, mita 1,120, na nyongeza kidogo. Amepanda zaidi ya mara mbili. Amekunja kona mara mbili zaidi, amepima klachi mara mbili zaidi, amekosea na kujirekebisha ndani ya sehemu ileile mara mbili zaidi. Yule wa daraja la juu, mara nyingi siku hiyo, amekutana na jiwe la kwanza au la pili tu. La tatu hapo hakulifikia, kwa hiyo hajui kama analiweza.

Kuna na tofauti ya makosa yenyewe. Alama moja inazungumza nawe: mguu wa kushoto ulishuka pale mzizi ulipoteleza, kwa sababu uzito ulikuwa ndani ya kona badala ya nje. Mzunguko unaofuata unalo la kurekebisha. Tano ya mtu aliyezidiwa haizungumzi. Uliingia, ukaona jiwe, ukaongeza mafuta kwa hofu, ukajikuta chini. Kosa lilikuwa wapi? Mwendo? Mstari? Mikono? Klachi? Yote kwa pamoja, na makosa manne yaliyofungwa fundo moja hayafunguki.

Turudi kwa ndugu zetu wa boda, kwa sababu magharibi ya Kenya ndio watakaoujaza mchezo huu kama utajazwa. Boda zenyewe zilianza kwa baiskeli pale mpakani Busia, na leo ni vigumu kupata kijiji kutoka Nakuru hadi Mumias ambacho kijana wake hajui nduthi, yaani pikipiki. Watu hawa wana kitu ambacho pesa hainunui. Anayetoka Ahero na gunia la mchele kwenye udongo mweusi wa Kano baada ya mvua anasoma ardhi kwa makalio yake. Anajua tairi linaanza kuteleza kabla halijateleza. Anajua mzigo umehama kabla ya kugeuka kuangalia. Anaendesha polepole sana bila kuanguka, na trayali ni sanaa ya polepole.

Lakini mikono na miguu yake imefundishwa kazi nyingine. Boda huendeshwa umeketi. Pikipiki ya trayali haina kiti, unasimama juu ya futresti siku nzima, na magoti na kiuno ndizo springi zako. Kwenye matope boda hushusha miguu yote miwili na kuitembeza kama mtu anayevuka mto, na ni busara kabisa ukiwa na abiria; kwetu hiyo ni tatu. Klachi ya boda hushikwa kwa vidole vinne, ndani yote au nje yote, ilhali hapa unaishikilia kwa kidole kimoja mahali inapoanza kuuma, dakika nzima, ukiipa na kuinyima kidogokidogo. Kwenye kona boda hulala pamoja na chombo. Hapa unakilaza chombo ndani na mwili unabaki nje, ukikanyaga futresti ya nje. Uzito nao: boda ya kawaida ina zaidi ya kilo 100, ya trayali ina kama 70. Upepo wa tairi la nyuma huku ni pauni 4 au 5 tu ili mpira ulikumbatie jiwe, wakati boda mwenye mzigo anajaza 30 na kuzidi. Aliyezoea chombo kizito kinachokwenda pole akipewa chepesi kinachoruka kwa kuguswa, nguvu za mkono wake ndizo zinazomwangusha.

Ndiyo maana nasema miaka tisa ya boda haimweki mtu daraja la juu, wala haimrudishi sifuri. Inamweka chini kwa muda mfupi. Mwanafunzi ambaye hajawahi kushika pikipiki atahitaji labda mwaka mzima katika mishale ya chini. Boda mzuri huenda akahitaji Jumamosi sita. Ila hizo sita asiziruke, maana ndizo zinazoivua mikono yake tabia za barabarani, na tabia haivuliwi kwenye jabali la mita moja na nusu. Huvuliwa kwenye kona pana, juu ya nyasi, kati ya mawe madogo ambayo hayamtishi mtu, hapo ambapo akili ina nafasi ya kukumbuka kidole kimoja.

Ardhi nayo inabadili daraja, na hapa hata wazoefu hukosea. Mawe ya Bunyore na Maragoli ni granaiti. Yakikauka hushika tairi kama msasa, na mtu wa kati hupanda asichokiamini. Lakini eneo hili mvua zake hupenda kuja alasiri. Jiwe lile lenye ukoga likilowa kidogo tu, sehemu ya asubuhi na sehemu ya saa tisa ni sehemu mbili tofauti zenye mishale ileile. Huko Nakuru, kwenye miteremko ya Menengai, tatizo ni jingine: majivu na changarawe nyepesi za volkano zinazokimbia chini ya gurudumu. Mbinu ya Bunyore ya kuamini tairi na kutoa nguvu ghafla huko inachimba shimo. Mwinuko nao unadai chake. Kisumu iko mita kama 1,130 juu ya bahari, ukingo wa Menengai unafika 2,278, na injini hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Mwenye kabureta iliyopangwa Kisumu ataona chombo kinakohoa, na yeye mwenyewe atakohoa mapema zaidi. Nikienda kupanda mahali nisipopajua hushuka daraja moja mzunguko wa kwanza, bila kujadiliana na mtu.

Na kwa kuwa nimetaja mawe, niseme hili kabla sijalisahau: Kit Mikayi si uwanja. Watu huenda pale kusali. Kila mgeni anayeona mlundiko ule mkubwa kandokando ya barabara ya Bondo huwaza matairi, na kila mara jibu ni hapana. Mawe yanayofaa ni mengi, na mwenye shamba ni wa kuombwa ruhusa kila mara, siyo mara moja ya kwanza tu.

Basi mtu achagueje? Kipimo changu ni idadi ya zile tano, na ni kipimo cha mtu mmoja, mwingine atakuwa na chake. Katika majaribio thelathini, tano zikifika saba, nashuka. Sisubiri mwezi ujao, nashuka mzunguko unaofuata ikiwa kanuni za siku zinaruhusu. Tano zikiwa kati ya mbili na sita, hapo ni nyumbani, nabaki. Zikiwa sifuri au moja kwa siku tatu mfululizo, na nusu ya sehemu natoka safi, nimekwisha kujifunza kilichokuwapo.

Kuna na kipimo cha pili, ambacho hakina namba. Unapoikagua sehemu kwa miguu, simama kwenye kila kizuizi ujiulize utaangukia wapi. Kama huwezi kuangukia hapo na bado Jumatatu ukaenda kazini, mishale hiyo si yako leo. Wenzetu wa Ulaya wana bima na gari la wagonjwa linalosubiri kando ya shamba. Sisi tuna pikipiki ya mwenzetu itakayokukimbiza barabarani ukiwa umekumbatia mkono wako. Mfupa wa mtu anayelisha familia kwa mkono huohuo una bei tofauti, na sioni haya yoyote kuuingiza katika hesabu ya michezo.

Umri na chombo havina maneno mengi. Klabu nyingine za Marekani zina madaraja ya wazee, na ni jambo jema, lakini mzee mwenye mizani nzuri apande anapoweza. Chombo cha cc 300 hakimpandishi mtu daraja. Mara nyingi humshusha, kwa kuwa kinamwadhibu kwa kosa ambalo cc 125 ingemsamehe.

Kosa la upande wa pili linaniuma pia, ingawa halivunji mtu goti. Yuko mwalimu mmoja wa Maseno ambaye kwa miezi mingi alitoka safi karibu kila mahali katika daraja la chini. Si kwamba alitaka sifa za kushinda wanaoanza, kama wafanyavyo wengine ninaowajua, watu wenye uwezo mkubwa wanaojificha chini ili waondoke na zawadi huku kijana mgeni akirudi nyumbani amekata tamaa. Yeye aliogopa. Tulimsukuma apande, akapanda, akapata tano kumi na moja kwa siku moja, akasema hatarudi tena kule. Tulikosea kumsukuma. Uingereza wana njia ambayo sisi tulichelewa kuiiga: daraja la nusu kwa nusu, ambapo sehemu tano unapanda mstari mgumu na tano mstari rahisi. Mwalimu alianza na tatu ngumu kwa saba rahisi. Akachagua zile zenye kona ngumu zisizo na mwanguko mrefu. Leo anapanda daraja la kati lote, na kwenye kona za kukunja hadi usukani ugote hakuna mwanamume kati yetu anayemfikia. Kupanda kwake kulikuwa ngazi yenye vipago vingi, na sisi tulikuwa tumempa ngazi yenye vipago viwili.

Hilo linanifikisha kwa wapangaji wa sehemu, na mimi ni mmojawao. Tunapenda kuanza na mstari wa juu. Tunatafuta jabali zuri, tunabishana kama linapandika, tunalijaribu nusu saa, na jioni ikikaribia tunakumbuka kuwawekea wanaoanza mishale inayolizunguka tu, kwenye nyasi tambarare. Matokeo yake mstari wa chini hauna la kufundisha, wa pili unatisha, na mtu mwenye akili timamu anayechoshwa na wa kwanza hana pa kwenda ila kwenye kuumia. Kijana wa Kondele hakuwa mjinga. Alitazama mishale ya chini akaona haina kitu cha kumpa, na siku ile alikuwa sahihi. Mpangaji angetumia nusu saa ile kwa wanaoanza: kona mbili zinazobana, mteremko mfupi wenye changarawe, jiwe la urefu wa kiganja linalopandwa ukiwa umepinda kidogo. Sehemu ambayo boda wa kawaida anaweza kuimaliza bila kuvunja kinga ya injini, lakini hawezi kuimaliza safi bila kusimama vizuri na kupima klachi. Kuibuni sehemu kama hiyo ni kazi ngumu kuliko kuelekeza kidole kwenye jabali, na ndiyo kazi ninayoikadiria zaidi nikimwangalia mpangaji mwenzangu.

Tumebadilisha utaratibu. Sehemu sasa zinapangwa kuanzia mishale ya chini, na hakuna anayegusa jabali hadi mstari huo upandwe na mtu aliyeanza karibuni na kumshinda mahali fulani. Mgeni haulizwi tena daraja gani analitaka. Anapanda sehemu mbili za chini, tunahesabu pamoja naye, kisha tunazungumza.

Kijana wa Kondele alirudi goti lilipopona. Sikumwita, alikuja mwenyewe, na safari hii aliacha pikipiki ya kuazima akapanda boda yake, akiwa amepunguza upepo wa matairi kadiri alivyothubutu. Sehemu ya nne, mishale ya chini, alifika hadi jiwe la mwisho akiwa safi, mguu wa kulia ukagusa sekunde moja, akatoka. Mwamuzi akainua kidole kimoja. Akaegesha chombo chini ya mti, akarudi kwa miguu hadi kwenye jiwe lile, akachuchumaa, akaanza kulichunguza kwa kiganja, akitafuta tairi lilipotelezea.